Meno yote juu ya skrubu nne: ni kazi ya siku moja au ya miezi minane?

Swali: *Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 64, tunaishi Tanga. Ana kisukari na anatumia vidonge. Taya la juu hana jino hata moja kwa miaka minane sasa, anavaa meno ya kuvua. Chini yamebaki sita ya mbele na yanacheza. Ya juu yanamdondoka akicheka, siku hizi hata kwenye shughuli anakataa kula mbele za watu. Ndugu yetu aliyeko Muscat ametutumia tangazo la kliniki ya nje: "Meno mapya kinywa kizima kwa siku moja, skrubu nne tu." Daktari tuliyemwona Dar anasema kazi ni ya miezi sita hadi minane, na bei aliyotaja tungeweza kununua kiwanja. Ni nani anatudanganya? Skrubu nne zinashikaje meno yote? Na hayo meno yenyewe hutengenezwa wapi, na nani?*

Marahaba. Nianze na lile la kudanganywa, maana naona ndilo linalowakera zaidi. Kwa maelezo yako, hakuna aliyesema uongo. Tangazo linaongelea siku ambayo baba atatoka kliniki akiwa na meno mdomoni. Daktari wa Dar anaongelea siku atakayofungiwa meno ya kukaa nayo. Hizo ni seti mbili tofauti, za malighafi tofauti, na katikati yake kuna mfupa unaotakiwa kupona. Tangazo limenyamaza tu kuhusu seti ya pili, na watu wengi huja kugundua ukimya huo wakiwa wameshalipa nauli.

Lakini kabla ya skrubu tumtazame mzee mwenyewe. Juu ni kibogoyo, chini amebaki na sita za mbele. Mpangilio huo una tabia yake. Kila anapong'ata, yale sita ya chini husukuma sehemu ya mbele ya meno bandia kwenda juu, na nyuma, ambako hakuna magego ya kuyapokea, meno yanaachia kaakaa na kushuka. Hewa ikishaingia pale, kilichokuwa kinayashikilia kimeondoka. Ukiendelea hivyo kwa miaka, mfupa wa mbele wa taya la juu hulika na mahali pake hubaki nyama laini inayochezacheza ukiigusa kwa kidole. Daktari wa Kimarekani Ellsworth Kelly aliieleza hali ya namna hii mwaka 1972 na sisi tunaiona kliniki mpaka leo. Ongeza na hili: mfupa wa taya huanza kupungua mara jino linapong'olewa, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, kisha polepole bila kukoma. Meno bandia yenyewe hayabadiliki umbo. Miaka minane baadaye baba anavaa kitu kilichopimwa kwa taya ambalo hana tena.

Maana yake ni kwamba kudondoka kwa meno ya juu ni tatizo la taya zote mbili. Atakayewapa bei ya juu peke yake bila kusema atafanya nini na yale sita ya chini, mwulizeni tena.

Sasa vipandikizi. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa. Wapo wanaoogopa kwamba "mwili utakataa chuma." Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi, alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mfupa wa mguu wa sungura kwa kutumia vifaa vya titani. Alipotaka kuvitoa akakuta havitoki; mfupa ulikuwa umekua na kushikamana navyo. Mwaka 1965 akaanza kuwawekea wagonjwa vipandikizi vya meno kwa msingi huo. Kwa hiyo mwili haukatai titani kama mnavyofikiri. Kipandikizi kikishindwa, mara nyingi sababu ni maambukizi, sigara, sukari isiyodhibitiwa, au kubebeshwa mzigo kabla mfupa haujashika.

Na tofauti moja na jino la asili inabidi muielewe, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ya maabara iwe ngumu. Jino la asili halijagusana na mfupa moja kwa moja. Limening'inia kwa nyuzi ndogo pande zote, kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba, kwa hiyo linatii kidogo unapolisukuma. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, hivyo hakitii. Meno yakitengenezwa yakiwa na kasoro ya sehemu ya milimita, jino la asili lingejisogeza kidogo na kuzoea. Kipandikizi kinabaki kuvutwa usiku na mchana.

Skrubu nne zinashikaje meno kumi au kumi na mbili? Kwa sababu meno hayo hayasimami kila moja peke yake. Yote yamejengwa juu ya fremu moja yenye umbo la kwato ya farasi, na fremu hiyo ndiyo inayofungwa kwenye vipandikizi. Aliyeutangaza sana mpangilio wa nne ni Paulo Malo wa Lisbon, Ureno, ambaye aliandika matokeo yake mwaka 2003. Ujanja wake ni kwamba vipandikizi viwili vya nyuma vinaingizwa kwa kulala. Juu, sehemu ya nyuma ya taya ina uwazi wa sainasi (chumba cha hewa kilicho kando ya pua) na mfupa ni mwembamba; chini kuna neva inayopeleka hisia kwenye mdomo na kidevu. Ukilaza skrubu unapita kando ya vizuizi hivyo, kichwa chake kinatokeza nyuma zaidi, na mara nyingi unaepuka upasuaji wa kuongeza mfupa. Si kiini macho, ni mbinu iliyopimwa kwa miaka. Ila mfupa wa taya la juu ni laini kuliko wa chini, na mimi kwa mtu kama baba yako ningependa kuona vitano au sita juu kama nafasi ipo. Ukiwa na vinne, kimoja kikifeli kazi yote inasimama. Kwenye sita una akiba.

Tuje kwenye hiyo "siku moja." Daktari anapokaza kipandikizi, kifaa chake kinaonyesha nguvu ya ukazaji. Ikifika karibu niutoni-sentimita 35 au zaidi kwenye vipandikizi vyote, anaweza kufunga juu yake meno ya muda ya akriliki (aina ya plastiki ngumu) siku hiyohiyo. Isipofika, mgonjwa anafunikwa fizi na kurudi na meno ya kuvua kwa miezi kadhaa, hata kama alilipia "siku moja." Hakuna anayeweza kuwahakikishia jambo hili kwa WhatsApp kabla ya upasuaji. Na yale ya muda si ya kutafunia mishikaki. Kipandikizi kikitikisika zaidi ya takribani mikroni 150, upana wa nywele mbili hivi, mwili unaweka nyama badala ya mfupa, na skrubu hiyo imepotea. Ndiyo maana miezi mitatu minne ya mwanzo ni mtori, uji, samaki laini, maharage yaliyopondwa. Taya la juu mara nyingi linahitaji muda mrefu kidogo kuliko la chini.

Umeuliza meno hutengenezwa wapi na nani, na nafurahi umeuliza, maana wagonjwa wengi hawajui kuwa mtu huyo yupo. Daktari hufanya kazi ya mdomoni. Meno hutengenezwa na fundi sanifu wa meno, kwenye maabara. Baadhi ya kliniki wana maabara yao, wengine hupeleka kazi kwa maabara ya nje, na kuna hatua, hasa ya kukata fremu kwa mashine, ambapo faili hutumwa kwa intaneti nchi nyingine na fremu ikarudi kwa ndege. Kutuma nje si kosa. Mnachotaka kujua ni kama daktari na fundi wanaongea.

Kazi nzuri huanzia mwisho. Kabla ya kuamua skrubu ikae wapi, fundi hupanga meno kwenye nta kama yatakavyoonekana mwishoni, na daktari humvalisha mgonjwa aone ncha za meno ya mbele zinasimama wapi chini ya mdomo wa juu, akiwa ametulia na akiwa anacheka. Jino likishajua mahali pake, picha ya CT ya taya inaonyesha kama mfupa upo chini ya hapo. Hapo pia hupimwa nafasi ya kimo: meno yenye fremu na ufizi wa bandia yanahitaji kama milimita 12 hadi 15 kutoka ufizi mpaka meno ya upande wa pili. Nafasi ikiwa ndogo, fremu inakuwa nyembamba na inavunjika, au inabidi mfupa upunguzwe siku ya upasuaji. Na mpaka kati ya ufizi wa bandia na wa kweli lazima ufichike nyuma ya mdomo. Mtu anayeonyesha fizi akicheka asipopimwa hili atabaki anacheka kwa kufunika mdomo, kama zamani.

Mfupa ukishapona, vipimo huchukuliwa upya. Daktari hufunga vijiti vya kupimia juu ya kila kipandikizi na kuviunganisha kwa akriliki. Akriliki ikikauka hunywea, kwa hiyo anaikata katikati na kuiunganisha tena kwa tone dogo, ili mnyweo uwe mdogo kabisa. Kisha ndipo anachukua kipimo cha kinywa, na fundi anamimina plasta ya modeli. Wenye skana za mdomoni hutumia kamera badala yake, lakini kwenye taya lisilo na meno skana hujikusanyia makosa madogomadogo inapounganisha picha, kwa hiyo hata wao wanahitaji njia ya kuhakiki.

Halafu mng'ato. Taya lisilo na meno halina kumbukumbu ya kimo cha uso. Ni lazima kitafutwe. Tunamwambia mgonjwa aseme "mama" na kutulia: midomo ikigusana kidogo tu, kati ya meno ya juu na ya chini panatakiwa pabaki kama milimita 2 hadi 4. Tunamwomba ahesabu kuanzia sitini mpaka sitini na tisa. Meno yakigongana kwenye "sitini na sita," yamewekwa marefu mno. Akisema "fedha," ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini kwa wepesi. Dakika kumi za mazungumzo zinaonyesha mengi ambayo mashine haionyeshi.

Siku ya kujaribu meno kwenye nta, mama aje. Nasema kwa dhati. Mzee atasema "sawa tu, daktari" ili aondoke, na mkewe akifika nyumbani atauliza huyu ni nani. Nta ni rahisi kubadilisha: jino linasogezwa kwa kisu cha moto. Baada ya hapo kila badiliko ni pesa.

Meno yakikubaliwa, fremu ya titani inakatwa kwa mashine kufuata umbo hilo. Ikija, tunaiweka juu ya vipandikizi na kukaza skrubu moja tu, ya pembeni kabisa. Kisha tunaangalia upande wa pili kwa kioo cha kukuzia, na kwa eksirei sehemu zilizo chini ya ufizi. Fremu ikiwa imetulia imelala bila mwanya, ni nzuri. Ikinyanyuka hata uzi wa mwanya upande ule, haifai, na dawa yake si kukaza zile nyingine. Ukikaza, mwanya utapotea machoni, mgonjwa ataondoka anatabasamu, na baada ya mwaka skrubu zitaanza kulegea au kukatika. Hapa ndipo kazi ya bei ya chini mara nyingi hujulikana, na kwa bahati mbaya hujulikana kwa kuchelewa.

Juu ya fremu kuna chaguo mbili kubwa. Ya kwanza ni meno ya akriliki juu ya titani. Yanachakaa, jino linaweza kubanduka, lakini fundi yeyote mzuri analirudisha, hata siku hiyohiyo. Ya pili ni zirkonia, aina ya kauri ngumu, ambayo hukatwa ikiwa bado laini na kubwa kuliko inavyotakiwa, kisha huokwa kwenye tanuri la karibu nyuzi 1,500 za selsiasi, ambamo hunywea kwa takribani moja ya tano mpaka kufikia kipimo. Inapendeza, hainyonyi madoa ya chai, ni ngumu sana. Ila ikipasuka haiungiki, unatengeneza upya. Kwa mtu anayeishi Tanga, mbali na maabara kubwa, mimi ningechagua akriliki juu ya titani bila kusita. Uzuri wa zirkonia ni wa kweli, lakini jino la akriliki lililobanduka haliwapi safari ya nje.

Kufunga ni kazi fupi. Meno hukazwa kwa skrubu ndogo, matundu yake huzibwa kwa utepe wa Teflon, uleule wa mafundi bomba, na juu yake ujazo wa rangi ya jino. Siku ya kusafisha, tundu linafunguliwa na meno yote yanatoka.

Sasa chaguo za baba yako, kwa uaminifu. Kwanza HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu. Kama iko karibu na asilimia 7, tunaweza kuzungumza upasuaji. Ikipita 8 mimi huahirisha na kumrudisha kwa daktari wake wa sukari. Pili yale sita ya chini: kucheza kwa meno kwa mtu mwenye kisukari mara nyingi ni ugonjwa wa fizi, na fizi zikisafishwa vizuri huenda mawili au matatu yakabaki. Anzeni na kliniki ya meno ya hospitali ya Bombo hapo Tanga kwa hilo, haigharimu kiwanja.

Kama yote sita hayaokoki, si lazima mruke moja kwa moja kwenye meno ya kufungwa kabisa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, chaguo la kwanza liwe vipandikizi viwili vyenye vibanio, na juu yake meno ya kuvua. Mgonjwa anayabana kwa mlio mdogo asubuhi na kuyavua usiku kuyasafisha. Juu atengenezewe meno bandia mapya yaliyopimwa vizuri, ambayo kwa kushikwa na kaakaa mara nyingi hukaa. Gharama ni sehemu ndogo ya kinywa kizima, na kwa wazee wengi hilo pekee huwarudisha mezani. Baadaye pesa ikipatikana, vipandikizi vinaongezwa. Meno ya kufungwa pande zote mbili ndiyo yanayokaribia zaidi hisia ya meno ya asili, lakini ndiyo yanayodai usafi mkubwa zaidi: kila siku uzi na miswaki midogo ipite chini ya fremu, mahali ambapo mswaki wa mti haufiki. Fizi za kipandikizi zikiugua haziumi mwanzoni. Eksirei ya kila mwaka ndiyo inayoona mfupa unapoliwa.

Kama bado mnaitamani ile kliniki ya nje, waulizeni hivi. Bei hiyo ni ya seti ya muda au ya kudumu pia? Safari ya pili nani analipa? Watawapa kadi yenye jina la kampuni ya kipandikizi, urefu, upana na aina ya kiunganishi? Hili la kadi msilidharau. Kila kampuni ina bisibisi yake, na hutujia wagonjwa wenye meno yanayolegea ambao hatuwezi kuwafungua kwa sababu hatujui walifungwa kwa skrubu za kampuni gani. Na hapa nyumbani, hakikisheni daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha mwombeni awaonyeshe kazi za miaka mitano iliyopita, si za wiki iliyopita. Kazi zote hung'aa wiki ya kwanza.

Yapo ya kutosubiri. Kidonda chini ya meno bandia kisichopona ndani ya wiki mbili kionwe na daktari haraka, hasa kama baba anavuta au kutafuna tumbaku. Usaha, uvimbe wa shavu wenye homa, au ganzi ya mdomo isiyoisha baada ya upasuaji pia ni mambo ya siku hiyohiyo. Na kama baba amewahi kupigwa mionzi ya kichwa au shingo, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au amewahi kuchomwa sindano ya kuimarisha mifupa, daktari ajue kabla hajashika kisu, maana dawa hizo za mifupa zinaweza kuzuia taya kupona.

Mkienda kumwona, bebeni vidonge vyake vyote, majibu ya HbA1c ya miezi mitatu hii, picha yake ya zamani akicheka kwa meno yake mwenyewe, na yale meno bandia ya sasa. Ayavae siku hiyo, hata kama yanadondoka.